Karatasi Isiyoshika Vumbi

Kabla hatujafika sisi na mfumo wetu, meneja wa chama kimoja cha akiba na mikopo alikuwa na kaunta buku la jalada gumu, na humo aliandika kwa mkono kila mwanachama aliyemdhamini mwenzake. Jina la mkopaji, majina matatu ya wadhamini, kiasi kilichofungwa kwa kila mmoja, sahihi. Mwanachama akija dirishani kutoa akiba, keshia alinyanyuka, akaenda chumba cha pili, akamwuliza mama meneja, na mama akafungua kitabu. Siku ya kawaida shughuli hiyo ilikula dakika tano. Mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, foleni ilifika nje hadi chini ya mwembe.

Sisi tulikuja kuiondoa hiyo foleni. Nasimulia haya kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia mama afunge kitabu.

Tulikuwa watu watano katika ofisi ndogo, tukitengeneza programu kwa vyama vya namna hiyo. Kila sharti la chama tuliloliingiza kwenye mfumo tuliliandikia jaribio. Kwa asiyeijua kazi hii, jaribio ni programu ndogo inayoipima programu kubwa. Humbuni mwanachama, humpa akiba ya shilingi 2,600,000, humfanya adhamini mkopo wa 6,000,000 pamoja na wenzake wawili, kisha humpeleka dirishani adai akiba yake yote. Mwishoni pana mstari mmoja wa ukaguzi: hapa mfumo ukatae. Mfumo ukikataa, jaribio limepita na skrini inaonyesha kijani. Ukikubali, inaonyesha nyekundu. Tulikuwa na majaribio mia kadhaa, na seva iliyaendesha yote kila usiku sisi tukiwa tumelala.

Majaribio yalitupa amani. Mwongozo ndio uliotutesa. Yeyote aliyewahi kuwaandikia watu programu anaijua tabu hii: mwongozo unaandikwa mara moja, kwa bidii, unakabidhiwa siku ya uzinduzi, halafu mfumo unasonga mbele na mwongozo unabaki pale ulipoachwa. Mama alikuwa ananipigia simu. "Mwanangu, kitabu chenu kinasema nibonyeze Idhinisha. Mimi hapa Idhinisha siioni." Kitufe hicho tulikuwa tumekiondoa miezi mitatu nyuma. Nikaahidi kurekebisha kitabu. Nikasahau. Akapiga tena kwa jambo lingine.

Ndipo nikasoma habari za agiledox. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chris Stevenson, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Dan North, alitunga programu ndogo sana. Ilisoma majina ya majaribio yaliyoandikwa kwa lugha ya Java, ikalitoa neno la kuonyesha kwamba hili ni jaribio, ikayaachanisha maneno yaliyogandishwa pamoja, ikachapa sentensi za kawaida. Kazi yake yote ndiyo hiyo. Lakini Dan North alipokuja kuieleza mwaka 2006, alisema waandishi wa programu waligundua kuwa sehemu ya mwongozo wao sasa inajiandika yenyewe, wakaanza kuyapa majaribio majina ambayo ni sentensi kamili, na wakatumia maneno ya watu wa biashara yenyewe ili nao waelewe. Kutoka kwenye mbegu hiyo North akaanza kutengeneza zana ya JBehave, ikazaliwa njia nzima ya kazi inayoanza na tabia ya mfumo kabla ya msimbo wake. Mwaka 2008 Aslak Hellesøy akaleta Cucumber, ambamo jaribio linaandikwa kwa sentensi ambazo hata mhasibu anaweza kuzisoma.

Niliposoma hayo nilisisimka. Majina ya majaribio yetu tayari yalikuwa ya Kiswahili, maneno yameunganishwa kwa vistari vya chini, kwa sababu tulikuwa tumechoka kutafsiri vichwani mwetu kati ya lugha ya chama na lugha ya kompyuta. Kwa usiku mbili nikaandika programu yangu. Iliondoa vistari, ikakuza herufi ya kwanza, ikaweka nukta, na mbele ya kila sentensi ambayo jaribio lake limepita ikachora alama ya vema. Ikazipanga sura: Akiba, Mikopo, Wadhamini, Gawio. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi karatasi mpya ilikuwa tayari, ina tarehe ya siku hiyo kileleni.

Nilimpelekea mama nakala ya kwanza mwenyewe. Alivaa miwani, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayehakiki leja.

"Mdhamini hawezi kutoa akiba iliyofungwa. Vema." Akanyanyua macho. "Hizi vema kaweka nani?"

"Kompyuta yenyewe, mama. Kila usiku inajaribu upya."

"Na ikishindwa?"

"Vema inaondoka. Mama, karatasi hii haiwezi kudanganya."

Niliamini nilichokisema. Mwisho wa mwezi ule kaunta buku lilipandishwa juu ya kabati, na keshia hakunyanyuka tena. Foleni haikufika kwenye mwembe. Nilirudi mjini nikijiona nimefanya jambo la maana, na kweli lilikuwa la maana. Sitaki msomaji adhani foleni ile ilikuwa jambo dogo. Wazee waliokuwa wakisimama juani kwa saa mbili walikuwa wanaondoka baada ya dakika kumi.

Miezi minane baadaye chama kikabadili sharti. Mwanzoni akiba ya mdhamini ilifungwa kwa kiasi kilekile mpaka mkopo uishe. Wanachama wakalalamika kwenye mkutano mkuu, na haki ilikuwa yao: mwenzako amelipa robo tatu ya deni, kwa nini wewe uendelee kufungiwa kama siku ya kwanza? Ikakubaliwa kwamba deni likipungua, dhamana nayo ipungue kwa uwiano huohuo. Kazi ya kubadili hesabu alipewa kijana hodari kati yetu. Alipomaliza akaendesha majaribio, na lile la mdhamini likawa jekundu. Akaona sababu ni bayana: jaribio ni la sharti la zamani, sharti limebadilika, lazima liwe jekundu. Ilikuwa Ijumaa jioni, na toleo jipya lilitakiwa Jumatatu. Akauzima ule mstari mmoja wa ukaguzi, akaandika pembeni "nitarudi hapa", na jaribio likapita. Alifunika kombe mwanaharamu apite. Simlaumu, maana nami nimefanya hivyo, si mara moja. Hakurudi, kwa kuwa tangu saa ile hakuna kitu popote kilichomkumbusha.

Na ule wekundu ulikuwa unasema kweli. Mwanachama wetu wa kubuni alikuwa amedhamini mkopo uliotolewa siku hiyohiyo, ambao haujalipwa hata shilingi. Chini ya sharti jipya kama chini ya la zamani, akiba yake ilitakiwa iwe imefungwa. Hesabu mpya ilichukua salio la deni kutoka kwenye rejesho la mwisho lililoandikwa. Pasipokuwa na rejesho lolote, ilikuta patupu, na patupu ikapahesabu kuwa sifuri. Deni la sifuri halimfungi mtu. Kwa hiyo tangu siku mkopo unapotolewa hadi rejesho la kwanza mwisho wa mwezi unaofuata, wadhamini wote watatu walikuwa huru kuondoka na akiba zao. Baada ya rejesho la kwanza hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyeona.

Mdhamini mmoja, mtumishi aliyekuwa anahamishiwa mkoa mwingine, alikuja dirishani wiki ya pili akaomba akiba yake yote, 2,600,000. Sidhani alikuwa na nia mbaya; alihitaji hela ya kuhama na alikuta mfumo unamruhusu. Keshia aliangalia skrini, skrini ikakubali, akahesabu noti. Zamani angenyanyuka.

Mkopaji alilipa miezi michache, kisha akaacha kazi, na simu yake ikawa haipatikani. Deni lilikuwa limebaki 4,800,000. Kwa wadhamini watatu, kila mmoja angebeba 1,600,000. Wakiwa wamebaki wawili, na masharti yakisema wadhamini wanabeba kwa pamoja, kila mmoja akabeba 2,400,000. Mmoja wao alikuwa mwalimu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Zile 800,000 za ziada zilikuwa za mabati.

Nilisafiri kwenda kule siku mbili baada ya kuitwa. Mama alikuwa ameziweka karatasi mezani, na mwalimu alikuwa ameketi pembeni na mkoba wake mapajani. Niliwaamkia. Mama hakusema mengi. Alinisogezea karatasi ya asubuhi ya siku ile ambayo mdhamini alichukua fedha zake. Tarehe ilikuwa sahihi. Sura ya Wadhamini, sentensi ya kwanza: Mdhamini hawezi kutoa akiba iliyofungwa. Na mbele yake, vema.

Mwalimu ndiye aliyezungumza. "Mwanangu, nimefundisha miaka thelathini na minne. Nikiweka vema kwenye daftari la mtoto, maana yake nimelisoma daftari. Hii ya kwenu maana yake nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu wakati huo, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata.

Vema yetu ilimaanisha kwamba jaribio lenye jina hilo liliendeshwa usiku na halikulalamika. Basi. Programu yangu ilisoma jina la jaribio na matokeo yake, haikufungua tumbo. Kompyuta inafanya kazi na mwili wa jaribio, ile mistari ya kumbuni mwanachama na kumpeleka dirishani, na jina kwake ni kibandiko tu. Ungeliita jaribio hilo "embe dodo" lingepita vilevile. Msomaji kwa upande wake anasoma jina peke yake, mwili hauoni. Kati ya hao wawili hakuna aliyewekwa kulinganisha. Mwongozo wa zamani ulikuwa unadanganya kwa sababu binadamu aliandika sentensi na hakurudi kuitazama. Mwongozo wangu mpya ulikuwa umeandikwa na binadamu vilevile, sentensi kwa sentensi, kwa kuwa kila jina la jaribio lilitungwa na mtu. Nilichobadili ni mahali pa kuuhifadhia uongo.

Kuna jambo moja hapa linalonichoma zaidi. Kitabu cha zamani cha mwongozo kilishika vumbi, na vumbi lilikuwa onyo. Mama alipokiona kimechakaa, tarehe ya jaladani ni ya mwaka juzi, alijua akisome kwa tahadhari, akipiga simu pale anapotilia shaka. Ndizo zile simu zilizokuwa zinaniudhi. Karatasi yangu ilizaliwa upya kila alfajiri. Uongo wa miezi kadhaa ulimfikia mama ukiwa umevaa tarehe ya leo, na simu zake zilikoma. Mimi nilidhani zimekoma kwa sababu mwongozo umekuwa sahihi.

Nilipoanza kuchunguza nikaona kwamba hatukuwa peke yetu kwenye shimo hili. Zana kubwa zinazotumika duniani kote zina shimo hilohilo, na nyingine zimewekewa uzio. Katika JUnit, jaribio lisilo na mstari hata mmoja wa ukaguzi linapita. Katika Cucumber, ile sentensi nzuri inayosomwa na mhasibu huunganishwa na kipande cha msimbo kinachoitekeleza, na kipande hicho kikiwa kitupu kabisa sentensi inapata kijani chake. PHPUnit, yenye kazi ya kuchapa majina ya majaribio kama sentensi kwa mtindo uleule wa agiledox, imechukua hatua: tangu toleo la 6 la mwaka 2017, jaribio lisilokagua kitu huwekewa alama ya kutiliwa shaka bila kuombwa. Lugha ya Go inaruhusu mifano ya kwenye mwongozo iwe majaribio yanayoendeshwa, lakini mfano usioandikiwa matokeo yanayotarajiwa hupimwa tu kama mashine inaukubali kuwa msimbo sahihi. Hauendeshwi, ila kwenye ukurasa wa mwongozo unaendelea kuonekana. Kila mmoja wa wabunifu hao alikuwa na sababu zake. Lakini anayesoma mwongozo akiwa nje ya chumba hicho hana njia ya kujua vema ipi imelisoma daftari na ipi haikulisoma.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa la jasho. Mwaka 1978 Richard DeMillo, Richard Lipton na Frederick Sayward walichapisha wazo ambalo naliona ni la haki kuliko yote katika kazi hii: ukitaka kujua kama majaribio yako yanaona, iharibu programu kwa makusudi, kidogo kidogo, uone kama yatapiga kelele. Zipo zana za kufanya hivyo kwa mashine. Sisi tulifanya kwa mkono, kwa sura ya Wadhamini peke yake. Kwa kila sentensi ya karatasi, tulikwenda kwenye msimbo tukalivunja sharti linalotajwa, tukaendesha majaribio, tukatazama kama vema inaondoka. Tulisoma sentensi, tukavunja, tukasubiri, tukarudisha. Siku mbili nzima. Sentensi nne zilibaki na vema zao hali sharti limevunjwa mbele ya macho yetu. Moja ni ile ya akiba iliyofungwa. Tatu nyingine hazikuwa zimemdhuru mtu bado.

La pili lilikuwa la lugha, na hapa Kiswahili kilinifundisha kitu. Dan North alisisitiza kwamba jina la jaribio liseme mfumo unapaswa kufanya nini, kwa sababu neno "unapaswa" linaacha mlango wazi: msomaji anaweza kuuliza, je, ni kweli unapaswa? Sisi tuliandika "hawezi kutoa". Hiyo ni sentensi ya mtu anayetoa taarifa ya jambo lililokwisha thibitika. Kiswahili kina namna yake iliyo tayari, nyepesi kuliko ya Kiingereza: asitoe. Mdhamini asitoe akiba iliyofungwa. Ukiisoma hivyo unasikia kwamba kuna mtu ameagiza, na agizo huenda likatekelezwa au lisitekelezwe. Mama alivyokuwa akiandika masharti ya chama kwa miaka yote aliandika hivyo, mwanachama alipe, mdhamini asitoe, kamati ikutane. Watunga masharti walijua tofauti kati ya agizo na habari. Mimi ndiye niliyeyageuza maagizo yao kuwa habari, kwa sababu yalinipendeza zaidi yakiwa hivyo karatasini.

Baadaye, tulipoipitia sura ya Gawio kwa njia hiyohiyo, tukakutana na sentensi nyingine iliyotushangaza: amana iliyowekwa ndani ya siku thelathini kabla ya mwaka kufungwa haihesabiwi kwenye gawio. Jaribio lilikuwa zima, tulilivunja likalia vizuri. Lakini yule kijana akauliza kwa nini. Kwake lilionekana kosa. Fedha imo ndani, kwa nini isihesabiwe? Hakuna kati yetu aliyejua. Karatasi ilisema kitu hicho kinatokea, na ni kweli kilitokea, na haikuwa na neno zaidi. Alikuwa tayari kulifuta. Nikampigia mama. Akaeleza kwamba kabla hatujafika, kulikuwa na wanachama waliokopa nje mwezi Desemba, wakazijaza akiba zao, wakapata gawio nono, na Januari wakazitoa zote. Waliokuwa wakiweka kidogo kidogo mwaka mzima ndio waliopunjwa. Sharti lile lilitungwa baada ya ugomvi mkubwa. Habari hiyo yote ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja anayekaribia kustaafu.

Jaribio halina pa kuiweka sababu. Linaweza kuonyesha kinachotokea, likakionyesha kila usiku kwa uaminifu, na lisiweze kamwe kusema kwa nini. Mfano mkubwa wa sababu iliyopotea ni huu: tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5, ikiruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou katika Guyana ya Ufaransa, ilipotea njia na kusambaratika kabla ya kutimiza sekunde 40 angani. Kifaa chake cha kupima mwelekeo kilikuwa kinatumia programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Humo namba kubwa ilibanwa kuingia kwenye nafasi ndogo ya biti 16, ikafurika. Zilikuwepo namba saba zenye hatari ya namna hiyo. Nne ziliwekewa kinga, tatu zikaachwa bila kinga kwa makusudi, kwa makubaliano ya washiriki wa mradi, kwa kuwa kompyuta ile haikutakiwa kuelemewa na kwa mwendo wa Ariane 4 namba hizo zisingeweza kufurika. Sababu ilikuwa nzuri kwa roketi ile. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilikuta kwamba sababu hiyo haikuandikwa ndani ya msimbo ambako mtu angeikuta akipita. Ilikuwa imezama kwenye rundo la nyaraka za mradi. Ikakuta pia kwamba kifaa hicho hakikuwahi kujaribiwa kwa mwendo halisi wa Ariane 5, ambayo ilikuwa inaongeza kasi kwa namna nyingine. Nikiifikiria ile roketi namwona kijana wetu na kidole chake juu ya kitufe cha kufuta, akilitazama sharti la siku thelathini. Pengo ni lilelile, ila letu lingepunja watu mia chache wa mkoa mmoja.

Kwa hiyo sasa chini ya kila sentensi katika karatasi yetu pana mstari unaoandikwa na mtu, kwa mkono wake, na tarehe aliyouandika yeye, si ya seva: sharti hili lilitoka mkutano gani, na kwa ajili ya nini. Mistari hiyo inazeeka, na nataka izeeke machoni pa msomaji. Mama akiona sababu imeandikwa miaka minne iliyopita, ajue la kuuliza.

Lakini badiliko kubwa zaidi lilikuwa kuacha kuyategemea majina. Ward Cunningham, yuleyule aliyezindua mwaka 1995 wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri, alitoa mwaka 2002 zana inayoitwa Fit. Humo mwenye biashara anajaza jedwali: haya ndiyo yanayoingia, haya ndiyo ninayotarajia yatoke. Mashine inazisoma namba hizohizo za kwenye jedwali, inaziingiza kwenye mfumo, na kila chumba cha jedwali kinapakwa kijani au nyekundu. Python nayo tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001 ina doctest ya Tim Peters, ambayo huuendesha mfano uleule ulioandikwa kwenye maelezo na kulinganisha jibu lake na jibu lililochapwa hapo. Uzuri wa njia hizi ni kwamba kile anachokisoma msomaji ndicho kinachoendeshwa. Tukaiandika upya sura ya Wadhamini kwa majedwali. Badala ya "hawezi kutoa", mstari wa kwanza ukawa: mkopo 6,000,000, wadhamini 3, mkopaji amelipa 0, akiba ya mdhamini 2,600,000, aruhusiwe kutoa 600,000. Mtu akiuzima ukaguzi hapa, namba ya mwisho inabaki bila rangi, na mstari usio na rangi tunauchapa kwa maneno "haijakaguliwa".

Nilimpelekea mama nakala mpya. Safari hii sikumwambia kwamba haidanganyi. Nilimwomba tu aisome akiwa na nafasi. Kaunta buku lilikuwa limeshushwa kabatini, liko mezani kwake, na nililiacha hapo.

Baada ya wiki moja akapiga simu.

"Mwanangu, mstari wa tano. Mkopo milioni sita, mkopaji kalipa 3,300,000, na humo riba ni 300,000. Mmeandika mdhamini aruhusiwe kutoa 1,700,000. Kijani kabisa. Mmeipataje?"

Nikafungua faili. Jaribio lilipita kwa haki, mfumo ulitoa namba hiyo kweli. Nikamwita kijana, akatazama, akanyamaza kidogo, akakiri kwamba hakupiga hesabu. Aliuuliza mfumo unatoa ngapi, akainakili namba kwenye jedwali.

"Riba haipunguzi deni," mama alisema. Nilisikia kalikuleta ikibonyezwa upande wa pili. "Deni limepungua milioni tatu tu. Limebaki milioni tatu, gawanya kwa watatu, kila mmoja kafungwa milioni moja. Kwenye 2,600,000 yake atoe 1,600,000. Mngemwachia laki moja isiyo yake."

"Ni kweli, mama."

"Haya. Kalamu unayo?" Nikasikia kurasa nzito za kaunta buku zikifunuliwa. "Tuendelee na mstari wa sita."